Ushauri: Nimekabidhiwa tena wiki ya sikukuu za majira ya baridi, na mwaka jana nilikosea

SWALI

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa nne hapa Minneapolis, Marekani. Ninafanya kazi ya mwalimu msaidizi katika shule ndogo ya watoto, mfano wa zile tulizokuwa tukiziita shule za vidudu, na darasa langu lina watoto kumi na sita wa miaka mitatu hadi mitano. Kila Desemba, kabla ya kufunga, tunakuwa na wiki moja ya kuwafundisha watoto sikukuu zinazoangukia majira ya baridi: Hanukkah ya Wayahudi, siku ya Mtakatifu Lusia (sikukuu ya Kikristo ya mwanga, inayopendwa hasa Uswidi, ambapo huvaliwa mataji ya mishumaa), Krismasi, na Kwanzaa ya Wamarekani Weusi. Mwalimu mkuu anataka watoto wajifunze kwa mikono yao na si kwa kukalishwa na kusomewa, jambo ambalo mimi naliafiki kabisa.

Mwaka jana wiki hiyo nilikabidhiwa mimi, hasa kwa ajili ya Kwanzaa, kwa kuwa maneno yake ni ya Kiswahili nami nasema Kiswahili. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kuisikia Kwanzaa mpaka nilipofika huku. Niliangalia picha, nikanunua karatasi za rangi na gundi, nikasimamisha mti wa Krismasi katikati ya darasa, na kila siku watoto wakatengeneza mapambo ya sikukuu moja na kuyatundika kwenye mti huo. Jumatatu tulitengeneza vinara vya Hanukkah, Jumanne mataji ya Lusia, Jumatano nyota za Krismasi, na Alhamisi vinara vya Kwanzaa vya karatasi. Nilifurahi kwa sababu darasa lilipendeza.

Lakini Jumatatu ile ile kuna jambo lilitokea ambalo halijanitoka moyoni. Niliwagawia watoto picha ya kinara cha Hanukkah pamoja na miali tisa ya karatasi ya manjano waibandike. Mtoto mmoja wa kiume, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka minne, alibandika miwili tu na ile mingine akaisukuma pembeni. Nilipomuuliza, alijibu, "Jana kwetu tuliwasha mmoja, na yule wa kuwashia." Nikamwambia abandike yote ili ipendeze kama ya wenzake. Alibandika, lakini hakusema tena neno mpaka mama yake alipokuja kumchukua.

Ijumaa bibi mmoja Mmarekani Mweusi alimfuata mjukuu wake, akasimama mbele ya mti, akakishika kile kinara cha karatasi na kuniuliza kwa upole kwa nini tumekitundika kwenye mti wa Krismasi. Sikuwa na jibu. Na baba mmoja Msomali, ambaye husalimiana nami kwa Kiswahili kwa kuwa aliishi Kenya miaka mingi, alimweka binti yake nyumbani wiki nzima. Januari aliniambia kwamba hakuwa na ugomvi na mtu yeyote, ila hakuna aliyemweleza mtoto wake angefanya nini.

Mwaka huu nimepewa tena wiki hiyo, na imepangwa kuanza Jumatatu tarehe 14 Desemba. Yule mtoto bado yumo darasani kwangu. Mimi ni Mwislamu, mwanangu mdogo anasoma humo humo, na mume wangu ananiuliza kwa nini nifundishe sikukuu za watu wengine ambazo hata mimi sizijui. Sitaki kuikataa kazi hii kwa sababu naipenda, lakini sitaki kurudia ya mwaka jana. Nianzie wapi?

Mama wa wawili, Minneapolis

JIBU

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale mtoto alipoisukuma pembeni miali saba ya karatasi. Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi, na naweza kukuhakikishia kwamba mtoto wa miaka minne anayekataa kubandika kitu cha rangi ya kumetameta ili asiseme uongo kuhusu nyumba yao ni mtoto aliyelelewa vizuri na anayekijua anachokijua. Siku ile mwalimu wa Hanukkah darasani kwako alikuwa yeye. Bila shaka unalifahamu hilo, maana usingelikumbuka karibu mwaka mzima.

Kosa lako halikuwa kutojua, kwa kuwa kutojua kunatibika kwa kuuliza. Ulichofanya ni kuchukua vyakula vya nyumba nne na kuvipika katika sufuria moja. Wewe ni mtu wa Tanga, na nadhani umekua ukiona sahani zikitembea mtaani: siku ya Idi sahani ya pilau iliyofunikwa kawa inapelekwa kwa jirani Mkristo, na Krismasi ikifika jirani naye analeta yake. Hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa kuhusu sikukuu ni ya nani. Mtoto aliyetumwa alijua anatoka nyumba ipi na anakwenda ipi, mpokeaji alitoa shukrani kwa aliyepika, na sahani haikurudishwa tupu. Mafundisho ya sikukuu kwa watoto wadogo yakifuata adabu hiyo, mengi ya yale yanayokuhangaisha yatakuwa yamekwisha. Kila sikukuu iingie darasani ikitoka nyumba inayojulikana, ikiwa imekamilika kwa namna yake, na isigeuzwe pambo la sikukuu nyingine. Mti wa Krismasi ukae siku ya Krismasi tu.

Kwa hiyo, kabla hujanunua hata karatasi moja, andika barua kwa wazazi wote kumi na sita mwezi huu huu. Waulize ni siku gani nyumbani kwao huwa na maana kubwa wakati wa baridi, ni kitu gani mikono ya mtoto wao hufanya siku hiyo, na kama kuna jambo ambalo wasingependa mtoto wao alifanye au ale. Swali la pili ndilo litakalokupa somo lenyewe. Mzazi ukimwuliza sikukuu yao inahusu nini, atakuandikia historia ndefu, lakini ukimwuliza mtoto hufanya nini kwa mikono yake, atakuambia kwamba humenya, hukanda, huhesabu, hukunja, hupeleka kwa babu. Pengine utagundua kwamba hakuna familia inayosherehekea Lusia, na kwamba ipo familia ya Kimeksiko yenye Posadas, zile jioni tisa za kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba ambapo watu huenda nyumba kwa nyumba wakiomba kupokewa kama Yusufu na Mariamu. Ikiwa ni hivyo, ratiba ibadilike. Sikukuu yenye mwenyewe darasani huifundisha vizuri kuliko ile iliyotoka katika orodha ya ofisini.

Jambo la pili ni tarehe. Wiki ya tarehe 14 Desemba haitafaa kwa Hanukkah mwaka huu. Sikukuu hiyo hufuata kalenda ya Kiyahudi, kuanzia tarehe 25 ya mwezi wa Kislev, na kwa kalenda yetu huhamahama: mwaka 2024 ilianza jioni ya tarehe 25 Desemba, mwaka 2025 jioni ya tarehe 14, na mwaka huu wa 2026 inaanza jioni ya Ijumaa tarehe 4 Desemba na kumalizika tarehe 12. Ukiifundisha Jumatatu ya tarehe 14, yule mtoto ataona unamletea sikukuu ambayo kwao imeshafungwa kabatini. Mwombe mwalimu mkuu aivunje hiyo wiki moja iwe siku chache zilizotawanyika ndani ya Desemba, kila moja ikikaa karibu na tarehe yake. Nina hakika ataelewa ukimweleza hivyo, na watoto nao watapumua, maana sikukuu nne kwa siku nne ni mzigo hata kwa mtu mzima.

Ningependa uanze na giza lenyewe, kabla ya sikukuu yoyote, kwa sababu giza la huko ni la watoto wote kumi na sita bila kuuliza dini. Siku fupi kabisa Minneapolis, karibu na tarehe 21 Desemba, jua huchomoza kama saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, wakati Tanga siku hiyo hiyo ina mwanga wa karibu saa kumi na mbili na nusu. Watoto wadogo hawawezi kulishika jambo hili kwa maneno, lakini wanaweza kulipima. Chukua uzi mzito wa rangi, na mchana mmoja wenye jua mwezi huu, jua likiwa limefika juu kabisa (kabla saa hazijarudishwa nyuma Novemba hiyo ni karibu saa saba mchana), mpime mtoto kutoka unyayoni hadi utosini, kisha upime kivuli chake, ukate uzi kwa urefu wa kila kipimo. Oktoba kivuli kitakuwa kama mara moja na nusu ya kimo chake. Rudia wiki ya mwisho kabla ya kufunga, saa sita na dakika chache mchana, na kivuli kitakuwa kama mara mbili na nusu. Tundika nyuzi ukutani zikining'inia pamoja. Mtoto wa miaka mitatu atasimama chini ya uzi wake na kuona mwenyewe kwamba jua limeshuka. Ukiwa na ndugu Tanga mwenye mtoto wa umri huo, mwombe naye apime Desemba adhuhuri akutumie picha: kivuli kitakuwa kama theluthi moja tu ya kimo. Hicho ni kitu ambacho hakuna mwalimu mwingine shuleni kwako anayeweza kuwapa watoto hao.

Kisha tengenezeni taa za barafu. Utahitaji ndoo ndogo, kopo jembamba lililojazwa mawe ili lisielee, na maji. Weka kopo katikati ya ndoo, mimina maji kulizunguka, na waache watoto wadumbukize vipande vya chungwa, matawi madogo ya msonobari na zile beri nyekundu za huko. Iacheni nje usiku kucha, kwa kuwa usiku wa Desemba Minneapolis kwa kawaida huwa chini ya sifuri. Asubuhi mimina maji ya vuguvugu ndani ya kopo ili liachie, ligeuze, na utabaki na kikombe kizito cha barafu chenye chungwa limeganda ndani yake kama limesimama hewani. Weka mshumaa wa betri katikati. Usiwanyime watoto nafasi ya kuigusa bila glavu kwa muda mfupi, maana ubaridi huo wa vidole ndio utakaowafanya waelewe, mtakapofika kwenye mishumaa, kwa nini watu wa nchi za baridi wameijaza Desemba kwa taa.

Sasa Hanukkah. Huenda unaijua zaidi ya unavyodhani, au jirani zako Wakristo wanaijua: katika Injili ya Yohana sura ya 10 inaitwa Sikukuu ya Kutabaruku, na mwandishi anataja kwamba ilikuwa wakati wa baridi. Ni kumbukumbu ya kuwekwa wakfu upya kwa hekalu la Yerusalemu katika karne ya pili kabla ya Kristo, baada ya Wamakabayo kulikomboa, na Wayahudi husimulia kwamba mafuta safi ya siku moja yaliwaka siku nane. Kwa mtoto wa chekechea hiyo inatosha: mafuta kidogo, siku nane. Kinara chake kina sehemu tisa, nane za siku na moja iliyoinuliwa au kutengwa, ya mshumaa unaoitwa shamash, maana yake mtumishi, ambao ndio huwasha mingine. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia kwenda kushoto, na kuwashwa kuanzia ule mpya wa kushoto. Unaona sasa kwa nini mtoto wako alishindwa kubandika yote. Sikukuu yenyewe ni kuhesabu, kuongeza mmoja kila jioni, na karatasi yako ilikuwa imeifuta hesabu.

Tengeneza kinara kimoja kikubwa cha darasa kwa kadibodi na kukitundika ukutani, miali ikae katika mfuko wa kitambaa kando yake, na kila asubuhi watoto wabandike kulingana na idadi iliyowashwa jana yake. Mezani wape pia. Ndiyo, pia hii hii tuliyoichapa kwa kamba utotoni, ila ya Wayahudi, dreidel, ina pande nne na huzungushwa kwa vidole viwili. Kila upande una herufi ya Kiebrania, na nje ya Israeli herufi hizo nne ni mwanzo wa maneno yanayosema kwamba muujiza mkubwa ulitendeka kule. Watoto hucheza kwa kuweka karanga au sarafu katikati, na herufi inayotokea juu humwambia mchezaji achukue zote, nusu, asichukue kitu, au aongeze moja. Kwa darasa lako tumia vifungo vikubwa badala ya karanga, kwa sababu ya mzio na kwa sababu ya wale wa miaka mitatu wanaotia kila kitu mdomoni. Kama mama wa mtoto atakubali kuja, akaange nanyi viazi vilivyokwaruzwa na kuchanganywa na kitunguu na yai, vile vinavyoitwa latkes, huku watoto wakikamua maji ya viazi kwa kitambaa safi. Kazi hiyo ya kukamua wataipenda. Yeye ndiye asimulie. Wewe shika bakuli.

Kwa Kwanzaa nataka uwe mtulivu, maana hapo ndipo ulipopewa heshima ambayo si yako yote, na bado una cha kutoa. Kwanzaa ni sikukuu ya Wamarekani Weusi. Ilianzishwa na Maulana Karenga mjini Los Angeles mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya machafuko ya Watts, mtaa wa Weusi wa jiji hilo hilo, ili watu wake wawe na siku za kujikusanya na kujikumbuka, na Desemba hii inatimiza miaka 60. Jina limetokana na "matunda ya kwanza", yaani malimbuko, na inasimuliwa kwamba ile herufi "a" ya ziada iliongezwa kwa sababu watoto walikuwa saba na kila mmoja alitaka herufi yake. Siku zake saba, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, zina misingi saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu ni lugha ya Afrika isiyofungwa katika kabila moja, na watu ambao waliporwa lugha za mababu zao waliichukua kwa mapenzi. Nadhani sisi tuliozaliwa nayo tunapaswa kulipokea jambo hilo kwa moyo mkunjufu. Utasikia maneno yakitumika kwa namna isiyo yetu. Watasema muhindi kwa gunzi moja la mahindi linalowekwa kwa ajili ya kila mtoto wa nyumba, na ukiwauliza "Habari gani?" watakujibu "Umoja" au "Nia", kwa kuwa jibu ni msingi wa siku hiyo. Usimsahihishe yule bibi. Huenda maneno hayo yameishi nyumbani kwake kabla wewe hujazaliwa, na yana kazi yake huko. Watoto waambie yote mawili: kwetu Tanga hujibu "nzuri", na katika Kwanzaa hujibu hivi.

Mchango wako mkubwa uwe mkeka. Katika Kwanzaa kila kitu huwekwa juu ya mkeka: kinara cha mishumaa saba, mmoja mweusi wa watu, mitatu myekundu ya mapambano yao na mitatu ya kijani ya tumaini la mbele, pamoja na mazao, mahindi, zawadi na kikombe cha umoja. Na kusuka mkeka ni kazi ya kwenu. Kunja karatasi nene katikati, ikate kuanzia kwenye mkunjo bila kufika ukingoni, uache upana wa vidole viwili, kisha ikunjue. Kata vipande vya kupitisha vyenye upana wa kama sentimita tatu, kwa sababu vyembamba zaidi huchanika mikononi mwao. Keti sakafuni nao na uimbe tu "juu, chini, juu, chini" huku kidole gumba cha mkono wa kushoto kikishikilia kipande kilichopita kisirudi. Kwenye mstari wa pili wengi watakosea, wataanza tena na "juu", na vipande vitateleza nje. Usivirudishe wewe. Subiri mtoto aone mwenyewe kwamba mstari wa pili lazima uanze na "chini" ndipo mkeka ushikamane, kwa maana ukisubiri dakika tatu ataona, na uso wake utakapobadilika utajua kwa nini umechagua kazi hii. Wa miaka mitatu wape vipande vitatu tu. Andikia nyumbani utumiwe kipande kifupi cha ukili halisi wa ukindu, watoto wakipitishe vidoleni na kukinusa.

Mwalike yule bibi. Mwambie ukweli wa siku ile, kwamba hukuwa na jibu, na umwombe aje siku ya mkeka alete kinara cha kwao, awaambie watoto kinavyowashwa. Kwa kuwa Kwanzaa huanza shule ikiwa imefungwa, waambie watoto bayana kwamba bado haijafika, na mikeka yao iende nyumbani kwa wanaoitumia, au ibaki mezani kama kazi ya mikono kwa wasioitumia.

Lusia na Krismasi hazitakupa taabu. Tarehe 13 Desemba ya mwaka huu ni Jumapili, hivyo Jumatatu inayofuata, ikiwa kweli ipo familia ya asili ya Uswidi, kandeni mikate ya zafarani, na ile zafarani utaitambua kwa harufu kabla hujaambiwa. Mataji yawe ya mishumaa ya betri. Krismasi mwachie mtoto asimulie ya kwao, kisha wewe usimulie Krismasi ya jirani zako wa Tanga, ya jua kali, embe na nguo mpya, kwa sababu watoto wa huko hudhani bila theluji sikukuu haiji.

Sasa kuhusu mume wako na imani yako. Hukumu ya dini sitaitoa mimi, uliza mnayemwamini. Lakini kuna mpaka ambao waalimu wa huko wanaufahamu. Mwaka 1963, katika shauri la Abington dhidi ya Schempp, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza shule za serikali kuwaongoza watoto katika ibada, lakini ikaeleza kwamba kufundisha habari za dini kama sehemu ya elimu si kosa. Hata kama shule yako ni ya binafsi, mpaka huo ni mzuri kuushika. Mtoto asukume unga, ahesabu mishumaa, aonje chakula, amsikilize mwenye sikukuu. Asiombe sala isiyo ya kwao, asivishwe vazi la ibada, asiambiwe "sisi leo tunasherehekea". Sema "kina fulani leo wanasherehekea, na wametukaribisha tuone". Sentensi hiyo ukiizoea, mume wako ataisikia mwanao akiirudia nyumbani na moyo wake utatulia.

Kwa yule baba Msomali, usingoje barua ya jumla. Mweleze kwa Kiswahili, mlangoni, kila siku ya mwezi huo mtoto atashika nini na hatafanya nini, na siku asiyoridhika nayo binti awe na shughuli nyingine ya heshima darasani humo humo, si ya kukaa kona kama aliyeadhibiwa. Mwambie pia kwamba Idi haijasahauliwa. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, Ramadhani huzunguka majira yote, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mpaka hapo, Idi itakapofika kwa wakati wake, sahani itoke kwake na kwako, na watoto wakande kaimati.

Umebakiwa na yule mtoto. Usimwombe radhi kwa hotuba ndefu, hataielewa. Jumatatu tarehe 7 Desemba asubuhi, mfuko wa miali ukiwa bado umefungwa, mwite mbele ya kinara cha ukutani na umuulize ni mingapi iliyowashwa kwao jana jioni. Atakuambia mitatu, na yule wa kuwashia. Mpe mfuko abandike yeye.